Kipande Kinachongoja Wenzake

Kichupa chenyewe ni kidogo kuliko kifuniko cha kalamu. Kinafika maabara kikiwa kimefukiwa ndani ya barafu kavu inayotoa ukungu mweupe, na tone la majimaji lililomo halina rangi wala harufu. Habari yote imo kwenye lebo. Jina: PSMB5. Asili: binadamu. Kilikozalishwa: bakteria wa E. coli. Mkia: histidini sita. Hifadhi: nyuzi 80 chini ya sifuri. Chini kabisa kuna onyo kwamba ni kwa utafiti tu, si kwa matibabu. Anayeisoma lebo hiyo kwa mara ya kwanza ana haki ya kujiuliza protini hii imekuwaje ya binadamu ilhali hakuna binadamu aliyeitoa.

Ni kwamba DNA husomwa kwa namna ile ile katika ini la mtu na katika bakteria wa utumboni. Jeni ya binadamu ikinakiliwa na kupachikwa kwenye plasmidi, yaani pete ndogo ya DNA, kisha ikaingizwa ndani ya bakteria, bakteria huyo huitii kama agizo lake mwenyewe na kuzalisha protini ya binadamu. Protini iliyopatikana hivyo huitwa protini rekombinanti. Stanley Cohen na Herbert Boyer waliifungua njia hiyo huko California mwaka 1973, na mwaka 1982 insulini ya binadamu iliyozalishwa na bakteria iliruhusiwa kutumika Marekani. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga sindano kabla ya chai ya asubuhi, awe Mombasa au Mwanza, ananufaika na kazi hiyo bila kulazimika kuijua.

Lakini insulini ni protini ndogo inayojitosheleza. Ikishakunjika vizuri na kusafishwa, iko tayari. PSMB5 haiko hivyo. Hiyo ni sehemu ya proteasomu, mashine ambayo seli hutumia kuvunja protini zake zenyewe, na pipa la katikati la mashine hiyo lina vipande 28. Ndani ya pipa, PSMB5 ndiyo yenye makali kuliko wenzake wote. Ikiwa peke yake kichupani, haikati chochote.

Jambo hilo linastahili kufikiriwa kwa utulivu, kwa sababu limejirudia katika kila sura ya historia ya proteasomu. Waliogundua uvunjaji wa protini, waliochora umbo la mashine, waliotafuta dawa za saratani na wanaopambana leo na malaria sugu, wote walifika mahali ambapo kipande kilichotengwa kwa uangalifu mkubwa kilikaa kimya mpaka kiliporudishiwa wenzake.

Kwa muda mrefu wanasayansi walijali jinsi mwili unavyojenga kuliko unavyobomoa. Mtu mzima alidhaniwa kuwa jengo lililokamilika, ambalo chakula hulipa nguvu tu bila kuzigusa kuta zake. Aliyeivunja dhana hiyo ni Rudolf Schoenheimer, mkemia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 na kupokewa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Yeye na David Rittenberg waliwalisha panya asidi amino zenye naitrojeni nzito, ambayo inaweza kufuatiliwa popote iendapo mwilini. Kama kuta hazibadiliki, karibu naitrojeni yote ingetoka kwenye mkojo. Haikutoka. Sehemu kubwa ilikutwa imejengwa ndani ya protini za panya, ingawa panya wenyewe hawakuwa wameongezeka uzito. Protini za zamani zilikuwa zimebomolewa kupisha mpya. Schoenheimer alifariki mwaka 1941, na kitabu alichoelezea matokeo hayo kilichapishwa mwaka uliofuata, mwenyewe hayupo.

Ubomoaji huo unafanana na kazi ya mafundi wanaoshusha nyumba ya zamani mjini. Mabati hutolewa moja moja, mbao hung'olewa misumari, na matofali mazima hupangwa kando yakajenge kwingine. Asidi amino ndizo matofali. Na kila protini ina zamu yake. Protini iitwayo p53, inayoilinda seli isigeuke ya saratani, kwa kawaida huishi dakika chache tu kabla ya kuvunjwa. Zile za katikati ya lenzi ya jicho hudumu na mtu tangu kuzaliwa hadi uzee. Kwa hiyo kuna kitu kinachochagua, na swali likawa ni kitu gani.

Christian de Duve wa Ubelgiji alipoieleza lisosomu katika miaka ya 1950, kifuko cha seli kilichojaa tindikali na vimeng'enya, wengi waliona jibu limepatikana. Dawa iliyolitia shaka jibu hilo ilijulikana vizuri katika nyumba za Afrika Mashariki: klorokwini, ile ambayo vizazi vizima vinaikumbuka kwa uchungu wake ulimini na kwa mwili kuwasha usiku kucha. Klorokwini hujikusanya ndani ya lisosomu na kuipunguzia tindikali. Katika miaka ya 1970 Brian Poole na wenzake waliitia kwenye seli zinazokuzwa maabara. Uvunjaji wa protini zilizoingia kutoka nje ulizorota. Ule wa protini za seli yenyewe uliendelea karibu kama kawaida. Palikuwa na mvunjaji mwingine.

Mwaka 1977 Joseph Etlinger na Alfred Goldberg wa Harvard walimfuatilia mvunjaji huyo katika chembe changa nyekundu za damu ya sungura. Chembe hizo hazina lisosomu, na bado zilivunja protini mbovu haraka, mradi zipewe ATP, yaani nguvu ya seli. Hilo la nguvu ndilo lililowasumbua watu. Vimeng'enya vya tumboni huvunja nyama na maharage bila kulipwa ATP hata kidogo. Kwa nini seli igharamie kazi ambayo ingeweza kufanyika bure?

Jibu lilitoka Haifa. Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover, katika taasisi ya Technion, walichukua majimaji ya chembe hizo za sungura na kuyapitisha kwenye safu ya selulosi ili kuiondoa himoglobini. Safu kama hiyo hushika protini fulani na kuachia nyingine. Majimaji mekundu yaliyopita moja kwa moja yalikusanywa katika chombo cha kwanza. Protini zilizonaswa zilioshwa kwa maji ya chumvi na kuwekwa katika chombo cha pili. Mazoea ya biokemia ni kupima kila chombo, kubaki na chenye kazi na kumwaga kingine. Walipima cha kwanza: kimya. Walipima cha pili: kimya vilevile. Walipovichanganya, uvunjaji ulirudi.

Chombo cha kwanza kilikuwa kimejaa himoglobini, na kuipata ndani yake protini moja isiyojulikana kulionekana kazi ya miaka. Wakakichemsha. Himoglobini iliganda ikawa tope, na katika maji yaliyobaki juu yake ile protini ndogo waliyoitafuta ilikuwa bado nzima, kwani joto halikuidhuru. Walieleza matokeo ya kwanza mwaka 1978. Mwaka 1980, wakishirikiana na Irwin Rose wa kituo cha saratani cha Fox Chase, Philadelphia, walionyesha kwamba protini hiyo ndogo hubandikwa moja kwa moja kwenye protini inayotakiwa kuvunjwa. Ilikuja kutambuliwa kuwa ni ubikwitini, yenye asidi amino 76, ambayo wengine walikuwa wameipata tangu 1975 bila kujua kazi yake. Mnyororo wa ubikwitini ukibandikwa kwenye protini, hukumu imetoka. Seli hulipa nguvu ili iweze kuchagua nani avunjwe na lini. Kwa kazi hiyo watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Ni vigumu kuusoma ukurasa huo wa Haifa bila kuona ujasiri uliomo. Vyombo viwili visivyo na kazi, kwa desturi, ni jaribio lililoshindwa. Ilihitajika imani kwamba kazi inaweza kukaa kati ya vitu viwili, isionekane katika chochote kati ya hivyo.

Mashine yenyewe ilikuwa imeshaonekana mara nyingi na watu ambao hawakujua kwamba wanatazama kitu kimoja. Mwaka 1968 umbo lake la pipa lilionwa kwa darubini ya elektroni katika chembe nyekundu za damu ya binadamu. Mwaka 1980 Sherwin Wilk na Marian Orlowski wa New York walielezea kimeng'enya kikubwa kutoka tezi ya pituitari ya ng'ombe, chenye zaidi ya aina moja ya ukataji. Kila maabara ililibatiza pipa hilo kwa jina lake, mpaka mwaka 1988 jina proteasomu lilipopendekezwa na kukubalika. Umbo kamili lilichorwa Martinsried, karibu na Munich, na kundi la Robert Huber na Wolfgang Baumeister: kwanza mwaka 1995 kwa proteasomu ya kiumbe cha seli moja kipendacho joto na tindikali, kisha mwaka 1997 kwa ile ya hamira.

Picha hizo zilionyesha pete nne zilizopangwa juu kwa juu, kila pete na vipande saba. Pete mbili za nje ni za vipande vya alfa, mbili za ndani ni za beta, na pipa zima lina urefu wa nanomita 15 hivi. Makali yote yamo ndani, sehemu sita za kukata, zimefichwa zisije zikaikata seli kiholela. Mlango wa juu umefungwa kwa mikia ya vipande vya alfa. Ndiyo maana kuna kifuniko kikubwa chenye vipande takriban 19, ambacho huitambua protini yenye mnyororo wa ubikwitini, huuchomoa mnyororo ili utumike tena, huikunjua protini hiyo kwa nguvu ya ATP na kuisukuma ndani ya pipa. Upande wa pili hutoka vipande vifupi vya asidi amino chache. Vingi huvunjwa zaidi na vimeng'enya vingine hadi kubaki asidi amino moja moja, na vichache hupandishwa juu ya ngozi ya seli ili askari wa kinga wavikague kama kuna dalili ya virusi.

Sasa mtu anaweza kurejea kwenye swali la kuzalisha mashine hiyo maabara, na kuona ugumu wake.

Kipande kimoja ni kazi ya siku chache. Bakteria wenye plasmidi hutikiswa kwenye chupa ya mchuzi wa lishe hadi mchuzi uwe mzito, joto hushushwa, na dawa ya kuwasha jeni hutiwa. Asubuhi bakteria hukusanywa, hupasuliwa kwa mawimbi ya sauti, na majimaji yake hupitishwa kwenye safu yenye nikeli. Zile histidini sita za mkiani hung'ang'ania nikeli huku maelfu ya protini za bakteria zikipita. Kisha hutiwa kemikali ya kuzing'oa, na tone baada ya tone protini hushuka safi. Kidogo chake huwekwa kwenye jeli, umeme hupitishwa, rangi ya buluu hutiwa, na kama kazi imekwenda vizuri hutokea mstari mmoja mnene mahali ulipotarajiwa, pasipo mistari mingine jirani. Ni furaha ya kweli kuuona mstari huo.

Kipande kilichopatikana hivyo kina faida nyingi. Hutumika kuwapa wanyama ili kupata kingamwili za kukitambua, na huwa kipimo cha kulinganisha kiasi cha protini hiyo katika damu au katika uvimbe. Ila ukitaka kuona kazi, kuna jaribio rahisi linalokisuta. Mtafiti huchukua kipeptidi kifupi kilichofungwa kwenye rangi ambayo haing'ari mpaka ikatwe. Akikitia kwenye proteasomu kamili na kukimulika kwa mwanga wa urujuanimno, mwanga wa buluu huanza kupanda dakika kwa dakika. Akikitia kwenye PSMB5 iliyo peke yake, giza.

Sababu yake inavutia. PSMB5 huzaliwa na kipande cha ziada mbele yake, kinachofunika asidi amino ya threonini ambayo ndiyo yenye makali. Kifuniko hicho hukatwa pale tu nusu mbili za pipa zinapokutana, na ni PSMB5 yenyewe inayojikata. Na nusu hizo hazikutani zenyewe. Katika seli ya binadamu kuna wasaidizi wanaozipanga, wakiwemo PAC1 hadi PAC4 na mwingine aitwaye POMP. POMP hukaa ndani mpaka pipa limekamilika, na pipa likishakamilika, yeye ndiye protini ya kwanza kuvunjwa humo.

Kwa miaka mingi, aliyetaka proteasomu nzima ya binadamu aliitafuta kwenye damu, ikiwemo damu ya akiba iliyopitwa na muda wa kuongezewa wagonjwa, na kuitenga kutoka chembe nyekundu. Njia hiyo ingali inatumika na ni nzuri, ila huipati mashine tofauti na ile aliyokuwa nayo mtoaji wa damu. Huwezi kubadilisha asidi amino moja na kuuliza nini kimeharibika. Mwaka 2019 Ana Toste Rêgo na Paula da Fonseca walichapisha maelezo ya pipa zima la binadamu lililozalishwa kwa njia ya rekombinanti katika seli za wadudu, vipande vyote vya alfa na beta vikitengenezwa pamoja na kujipanga hadi kukata.

Seli za wadudu zitumikazo kwa kazi za namna hii zina historia inayomgusa mkulima wa mahindi. Aina maarufu mojawapo, Sf9, asili yake ni ovari za mdudu Spodoptera frugiperda, ambaye kiwavi wake ndiye kiwavijeshi vamizi. Ndiye aliyeingia Afrika na kuripotiwa mwaka 2016, kisha akatafuna mashamba kuanzia Kenya hadi Malawi. Mwilini mwa mdudu huyo zimo seli zinazojua kukunja protini ngumu za binadamu vizuri kuliko bakteria anavyoweza, na watafiti wamezikuza kwenye chupa kwa miongo kadhaa.

Thamani ya pipa zima inaonekana vizuri zaidi kwenye dawa. Alfred Goldberg, yule wa chembe za sungura, alitaka kuzuia misuli isinyauke kwa wagonjwa, na mwaka 1993 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya MyoGenics kwa shabaha hiyo. Mkemia Julian Adams aliongoza utengenezaji wa molekuli yenye boroni ambayo hushikamana kwa nguvu na ile threonini ya PSMB5, kipande ambacho katika pete yake huitwa beta 5. Misuli haikuwa ndiyo iliyofaidi. Molekuli hiyo, bortezomibu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya myeloma, saratani ya seli za uboho zinazotengeneza kingamwili. Seli hizo huzalisha protini kwa wingi usio wa kawaida, na takataka zake ni nyingi kwa kiasi hicho hicho. Ukiziba njia ya kuvunja, zinazidiwa na kufa. Wagonjwa wengi wamepata miaka ya maisha kwa dawa hiyo, na wengi pia wamelipa kwa ganzi na maumivu ya nyayo na vidole.

Walipochora bortezomibu ikiwa imekaa mahali pake, wanasayansi walikuta kwamba kishimo inamokaa si cha beta 5 peke yake. Ukuta mmoja ni mali ya jirani, beta 6. Mtu angeweza kukisafisha kipande cha beta 5 mpaka kiwe safi kuliko vyote duniani, na bado asiwe na mahali kamili pa dawa kushika. Hata majina yanadai uangalifu huo. Jeni ya beta 5 huitwa PSMB5, ila ya beta 6 huitwa PSMB1, na anayeagiza vichupa kwa kufuata namba peke yake atapokea kipande asichokikusudia.

Virusi navyo vinaijua mashine hii. Kirusi cha papiloma cha binadamu, kisababishi cha saratani ya mlango wa kizazi inayoua wanawake wengi Afrika Mashariki, hutengeneza protini iitwayo E6. Protini hiyo humshika mbandika ubikwitini wa seli na kumwelekeza kwa p53, kisha p53 inavunjwa kabla ya wakati na seli inabaki bila mlinzi. Kirusi hakihitaji kuwa na mashine yake. Kinaitumia ya mwenyeji. Watafiti waliweza kulithibitisha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuziweka protini hizo pamoja kwenye kichupa, na chanjo wanazopewa wasichana leo Rwanda, Kenya, Uganda na Tanzania humzuia adui huyo kabla hajafika kwenye p53.

Mahali ambapo habari hizi zinaigusa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi, hata hivyo, ni malaria.

Klorokwini ilishindwa. Tanzania iliiondoa kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001, na baada ya miaka michache ya dawa nyingine ikaja dawa mseto yenye artemisinini, ile ambayo kila duka la dawa linaijua. Artemisinini, iliyopatikana China kwa kazi ya Tu Youyou na wenzake, huamshwa na madini ya chuma ambayo kimelea hupata anapoila himoglobini. Ikishaamka hushambulia protini za kimelea huku na kule na kuziharibu. Kimelea hujibu kwa kuzibandika ubikwitini protini zilizoharibika na kuzipeleka kwenye proteasomu yake, kwani naye anayo. Akiweza kuzisafisha upesi, anapona.

Vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini sasa vipo katika ukanda huu. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda badiliko la jeni ya K13 liitwalo R561H. Mwaka 2021 ilithibitishwa kaskazini mwa Uganda kwamba mabadiliko mengine ya jeni hiyo yanaambatana na vimelea kuchelewa kuondoka damuni. Baadaye R561H ikaonekana Kagera, Tanzania. Mgonjwa bado hupona kwa dawa mseto pale mshirika wa artemisinini anapofanya kazi, lakini anayekumbuka klorokwini ilivyokwenda hawezi kulala usingizi mzito.

Hapo ndipo wazo la kuiziba proteasomu ya kimelea linapopata uzito. Katika maabara, dawa za kuiziba zimeipa artemisinini makali mapya, hata dhidi ya vimelea vyenye K13 iliyobadilika. Moja huharibu protini, nyingine huziba njia ya kuziondoa. Kikwazo ni kimoja, na ni kikubwa: mgonjwa naye ana proteasomu, na hawezi kuishi bila hiyo. Mtoto mwenye homa Bukoba hawezi kupewa kitu kinachofanya kazi kama bortezomibu.

Kwa hiyo mapipa mawili lazima yawekwe kando kwa kando. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Uingereza na Australia walieleza umbo la proteasomu ya Plasmodium falciparum, na wakaonyesha kwamba inapenda kukata penye asidi amino kubwa ya triptofani katika nafasi ambazo ile ya binadamu haipendelei. Kutokana na tofauti hiyo walibuni molekuli zinazomuua kimelea na kuigusa kidogo tu ile ya binadamu. Maabara nyingine, kwa ushirikiano na kampuni ya Takeda, zimefuata njia ya molekuli zenye boroni. Katika kila hatua swali ni lile lile, na linajibiwa na proteasomu ya binadamu iliyomo kichupani: je, mwanga wa buluu umeendelea kupanda? Ukiendelea, mtu amenusurika. Ukizimika, molekuli hiyo, hata iwe hodari kiasi gani dhidi ya kimelea, huwekwa kando kabla haijamkaribia mgonjwa yeyote. Proteasomu hiyo ya kichupani ndiyo inayosimama badala ya miili ya watu wengi, na inaweza kufanya hivyo ikiwa tu ni nzima, na vipande vyake vyote na kuta zake zote za jirani.

Vimelea vinavyohitaji jibu hili viko Kagera, Kigali na Gulu, na wanaovifahamu ni watafiti na wauguzi wa huko, waliochukua damu vidoleni mwa watoto na kuhesabu vimelea saa baada ya saa. Mapipa ya kulinganisha kwa sehemu kubwa yanatengenezwa na kupimwa katika mabara mengine. Mgawanyo huo wa kazi una historia yake na gharama yake. Protini inayotaka nyuzi 80 chini ya sifuri haivumilii umeme unaokatika, wala siku ambazo boksi la barafu kavu hukaa bandarini au uwanja wa ndege likingoja karatasi.

Lakini njia ya kuzizalisha imechapishwa na iko wazi. Plasmidi za jeni nyingi husambazwa kwa maabara za dunia na Addgene, shirika lisilotafuta faida huko Massachusetts, na plasmidi hazihitaji barafu kavu kusafiri. Chuo kikuu chenye kitikisio cha chupa, safu ya nikeli, jokofu lenye jenereta ya akiba na mwalimu aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake kinaweza kuanza na kipande kimoja mwaka huu, kisha kikahamia kwenye seli za wadudu na pipa zima. Wanafunzi wa biokemia wanaohitimu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaweza kuifanya. Fedha za utafiti wa malaria zinapogawanywa, fungu la kuwafundisha lingewaruhusu kuziweka kwenye meza moja proteasomu ya kimelea wa Kagera na ile ya binadamu, na kupima molekuli mpya juu ya zote mbili pale pale ugonjwa ulipo.